Mizizi ya Mtuliza

Ifakara,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Nickolaus,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Sisi tupo. Shemeji yako Beatus yuko shambani Idete wiki ya pili sasa, palizi imemshika. Mpwa wako Nelly ameingia kidato cha tatu na ameanza kunisahihisha ninavyoongea. Mjomba Vitus amebakiwa na meno matatu, lakini bado anavua, na kila akija mjini anauliza kama umenenepa. Msalimie wifi Yosefina, na mtoto.

Utashangaa barua ya mkono wakati simu ipo. Simu yangu anashinda nayo Nelly, na Beatus akirudi anasoma kila kilichoingia. Tena wewe ukipiga unataka ile ya kuonana sura, na mimi sitaki kuonwa. Sababu ni hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye arobaini ya baba uliniona nainuka inuka katikati ya ibada, ukaniuliza, nikasema ni joto. Halikuwa joto. Nina uvimbe kwenye kizazi. Natoka damu siku ishirini katika mwezi, na Januari nimeongezewa chupa mbili. Daktari anasema uvimbe lazima utoke, lakini hawezi kunipandisha mezani na mwili huu. Walinipima mbele ya watu: kilo mia na ishirini na nane. Presha nayo iko juu. Akaniambia, "Mama, nikikulaza usingizi leo sina hakika nitakuamsha. Punguza kilo thelathini, uje." Nikamuuliza nipunguzeje. Akaniandikia kwenye karatasi: tembea, kula mboga, punguza wanga. Mdogo wangu, mimi naishi Ifakara. Mpunga ndio tunaoulima, wali ndio tunaoupika, na mgeni asipokuta wali hapa kwangu anadhani amefukuzwa.

Nimejaribu miezi minne. Nimetembea mpaka Kibaoni na kurudi hadi magoti yakavimba. Nimeshinda na papai. Zilitoka kilo mbili, zikarudi tatu.

Ndipo nikakumbuka ulichosema siku ile ile ya arobaini, tena kwa sauti, kwa furaha: kwamba huko kwenye taasisi yenu mnapima mizizi ya mtuliza, ile ambayo mama alikuwa akiwapa wavuvi watafune wakienda kambini na chakula kidogo, na kwamba panya mliowanenepesha wakipewa wanakonda. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Niletee hiyo dawa. Tangu nikulee sijawahi kukuomba kitu. Chupa moja tu.

Beatus hajui aliyosema daktari. Anajua ni mambo ya kike. Mwache hivyo.

Dada yako,
Evelina


Dar es Salaam,
4 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la taasisi siku tisa kabla mtu hajaniletea. Huku tunaendelea. Mtoto ameota jino la kwanza na anamng'ata mama yake. Yosefina anasema vitenge vilifika, asante.

Nilikusoma nimesimama kwenye korido nikashindwa kurudi ndani. Pole, dada. Kwa nini ulinyamaza mwaka mzima?

Siwezi kukuletea dawa, na nataka uelewe kwamba si roho mbaya. Hiyo si dawa bado. Tunasaga mizizi, tunailoweka kwenye spiriti, tunachuja, tunakausha mpaka unabaki unga wa kahawia. Unga huo tunawapa panya weupe ambao kwa miezi miwili tuliwalisha mafuta mpaka wakawa mviringo. Wako katika makundi manne: wa kwanza wanapewa maji matupu, wa pili unga kidogo, wa tatu zaidi, wa nne mwingi. Kila asubuhi mimi ndiye ninayewapima. Ni kweli kundi la nne wanakula nusu ya wenzao. Dakta Omega, mkubwa wangu, amefurahi sana. Lakini panya si mtu. Mpaka tujue inafanya nini mwilini kwa muda mrefu, hakuna anayeruhusiwa kuionja, hata mimi. Wavuvi walitafuna kipande cha kidole kwa siku tatu, nne, wakarudi nyumbani kula. Hakuna aliyeitumia mwezi mzima.

Fuata alivyosema daktari. Najua ni rahisi kwangu kusema.

Sasa naona aibu kukuomba, ila nitaomba. Mizizi imetuishia, na tukisimama sasa kazi ya miezi sita itapotea. Mjomba Vitus anaujua mti. Mwambie atuchimbie gunia moja, wewe ulikaushe hapo uani, ulipakie kwenye basi. Hakuna mwingine ninayemwamini hatachanganya na mizizi mingine.

Mimi mdogo wako,
Nickolaus


Ifakara,
17 Aprili 2024

Nickolaus,

Mvua huku imetufanya vibaya. Idete maji yameingia mashambani, Beatus amerudi na magunia mawili ya mpunga mbichi na homa. Anaendelea vizuri. Nelly amekuwa wa nne darasani, anajisifu kama amekuwa wa kwanza.

Mizizi nimeipakia jana kwenye basi la asubuhi. Ni nusu gunia na kidogo. Mafuriko yamezuia, mjomba hakufika kule kwenye mingi. Vumilia hiyo hiyo.

Nataka nikusimulie kitu, halafu usinijibu kuhusu kitu hicho. Unamkumbuka Stumai, rafiki yangu tunayeimba naye kwaya, mke wa Marcelino fundi cherehani? Yule anayecheka mpaka anashika nguzo. Jumapili tulitoka kanisani mvua inanyesha, tukasimamisha bodaboda. Kijana akatutazama, akazima injini kabisa. Akasema, "Mama zangu, nyie mkipanda wote mtanivunjia springi. Chagueni mmoja, mwingine nitamrudia." Watu waliokuwa kwenye baraza wakacheka. Stumai akacheka kuliko wote. Akamwambia, "Basi panda wewe, sisi tukusukume!" Wakazidi kucheka. Tulipofika kwangu akaketi kwenye ngazi, akavua kilemba, akajifuta uso kwa kilemba hicho, na hakuwa anafuta mvua. Sijawahi kumwona Stumai hivyo, na tunajuana tangu tukiwa wasichana.

Mimi naendelea na kutembea. Nimeshapungua kilo nne. Damu ni vile vile.

Usinitumie tena ushauri wa mboga.

Evelina


Dar es Salaam,
9 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Mpe Beatus pole ya homa. Nelly mwambie wa nne ni wa nne, lakini nimefurahi. Mtoto wetu sasa anasimama akishika kiti.

Mizizi ilifika salama, imekauka vizuri kuliko ile ya kwanza. Asante sana. Uliponiambia kwenye simu Jumapili kwamba umefika kilo mia na kumi na sita, nilipiga kelele mpaka Yosefina akatoka jikoni. Nimejivunia. Unaona inawezekana?

Kazini tunasonga. Kundi la nne wamekonda sana. Wawili wamekufa wiki hii, nadhani ni joto, mashine ya hewa iliharibika mwisho wa wiki. Tutarudia na panya wapya kuhakikisha.

Mwezi ujao naenda Mbeya kwenye mafunzo, nitakaa wiki kadhaa. Ukiandika, andika hapa hapa, nitazikuta.

Jitunze, dada yangu.

Nickolaus


Ifakara,
12 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hatujambo, isipokuwa mjomba ameumia mguu kwenye mtumbwi, yuko hapa kwangu, anagombana na kila mtu. Mavuno ni nusu ya mwaka jana.

Nimepimwa jana. Mia na saba. Daktari ameitazama kadi mara mbili akaniuliza kama ni ya kwangu. Ameniambia nikifika tisini na nane atanipangia tarehe. Mdogo wangu, nimelia pale mbele yake kama mtoto. Miaka miwili sijalala kitandani bila kutandika kitambaa, na sasa naona mahali pa kufika. Magauni yote yananipwaya. Mama mmoja kanisani ameniuliza kama nina ule ugonjwa, nikamwambia nina raha.

Stumai naye amepungua, karibu sawa na mimi. Tunatembea pamoja. Marcelino amempunguzia magauni kwa mkono wake mwenyewe. Ila malaria inamrudia rudia, na hata mimi nimekuwa mchovu, na mwili unaniwasha, hasa viganja. Nelly anasema macho yangu yamebadilika rangi. Watoto wa siku hizi wanaona kila kitu.

Nikuulize swali la kijinga. Hao panya mnawapa kwa siku ngapi mfululizo? Mnawapumzisha? Na mkojo wao unakuwa wa rangi gani? Nauliza tu, mjomba hapa anapenda kusikia habari za panya.

Evelina


Dar es Salaam,
19 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani.

Nimerudi kutoka Mbeya Jumatano, nikakuta barua yako ya tarehe 12 Juni kwenye meza yangu, chini ya bahasha nyingine. Nilipofika pale ulipouliza mkojo nikakupigia hapo hapo. Nilikuuliza, "Unakunywa mtuliza?" Ukasema, "Mimi? Si nilikutumia yote wewe." Nikasema panya wanakufa, kama unakunywa uache sasa hivi, uende hospitali, ukacheka, ukasema Beatus anataka chai. Nimekupigia tena jana na leo asubuhi, anapokea Nelly, anasema umelala. Wewe ulinilea. Najua ukicheka vile una maana gani. Kwa hiyo naandika, na naomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Wale panya wawili hawakufa kwa joto. Tuliwapasua tarehe 6 Mei, siku tatu kabla sijakuandikia. Ini la panya mzima lina rangi ya damu iliyokolea, linang'aa. Yao yalikuwa ya njano, yana madoa, yanameguka kwenye kidole. Dakta Omega akasema tusitangaze kitu mpaka turudie, na kurudia ni halali, ndivyo kazi ilivyo. Lakini hakuna aliyenituma nikuandikie wewe kwamba ni joto. Hilo ni langu peke yangu. Tumerudia. Nimekuta matokeo mezani. Kundi la nne wamebaki watatu kati ya kumi.

Kuna kingine, na hiki sijamwambia hata Yosefina. Ulipoandika Aprili kwamba umepungua kilo nne, na gunia likafika nusu, nilielewa. Moyo uliniambia kabisa. Ningeweza kuuliza swali moja tu. Sikuuliza kwa sababu nilitaka kuona. Panya tulikuwa nao wengi, mtu hatukuwa naye. Mizizi hii ni ya mama, ilitoka kwetu, na mimi nimekuwa fundi wa maabara miaka kumi na moja nikipima sampuli za watu wengine. Nilitaka ifanye kazi. Kila uliponitajia kilo zako niliziandika kwenye karatasi, nikaiweka kwenye pochi. Karatasi hiyo ipo hapa mbele yangu. Juu yake nimeandika "dada", na chini kuna tarehe na namba, kama ninavyowaandika panya.

Acha leo. Nenda hospitali ukawaambie ni mizizi, usiseme ni malaria. Kama kuna mtu mwingine anakunywa, na ninaogopa kwamba yupo, mwambie leo. Usisubiri kesho.

Nickolaus


Ifakara, hospitalini,
14 Agosti 2024

Nickolaus,

Nimelazwa tangu tarehe 27 Julai. Barua yako nimeipata tarehe 5 Agosti. Ilifikia sanduku la parokia, katekista akatembea nayo kwenye begi wiki nzima mpaka alipokumbuka kumpa Nelly.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana nikianza kuruka sitamaliza.

Mjomba alichimba gunia zima. Nusu ilibaki chini ya kitanda changu. Nilianza mwisho wa Machi, kipande nachemsha kwenye sufuria ndogo, nakunywa kikombe asubuhi. Njaa iliondoka siku ya pili. Hujui ni nini, mdogo wangu, kukaa mbele ya wali na usikusemeshe. Siku ile ya bodaboda, Stumai alipokuwa amekaa kwenye ngazi, nikaingia ndani nikatoka na kikombe. Nikamwambia, "Kunywa, usiulize." Akanywa, akaniuliza ni nini, nikamwambia ni ya mama yangu, na ndugu yangu anaipima Dar es Salaam na imefanya vizuri. Nilitumia jina lako. Ndilo lililomfanya aamini.

Uliponipigia simu siku ile ya Jumatano nilielewa kila ulichosema. Beatus alikuwa amekaa karibu yangu. Niliacha siku hiyo hiyo. Nikaenda kwa Stumai kesho yake, nikakuta amechemsha. Nilimwambia, "Tupumzike kidogo, mwenzangu." Akanitazama akasema, "Wewe umeshakaribia kule unakotaka, sasa unataka mimi nibaki njiani?" Alikuwa na mizizi yake, nilimgawia mwenyewe, kwenye mfuko wa sukari. Ningemwambia neno moja tu: panya wanakufa. Sikulisema. Ningelisema, angeuliza nimejuaje, na angejua mimi ndiye niliyemtia ndani ya jambo hili, na Marcelino angejua, na Beatus, na kwaya nzima. Nikasema tupumzike. Nikaenda kila siku na uji wa mchele, nikamwangalia anakuwa wa njano, nikasema, "Malaria ya mwaka huu ni mbaya."

Amefariki tarehe 2 Agosti, kwenye wodi hii, kitanda cha tatu kutoka changu. Alikuwa haongei tena, analala tu, anashtuka, analala. Daktari alimuuliza Marcelino kama amekunywa dawa yoyote ya kienyeji. Marcelino akajibu, "Mke wangu? Hajawahi." Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani. Nilisikia.

Mimi nilimwambia daktari habari ya mizizi tarehe 5, baada ya barua yako. Niliomba asimwambie mtu, na sikumtaja Stumai. Anasema ini langu limeumia ila halijafa. Kuhusu upasuaji, nimefika kilo tisini na nne. Uzito sasa ni mzuri. Lakini kwa ini hili hawezi kunilaza usingizi, wala hajui lini ataweza. Damu inatoka kama zamani, wameniongezea chupa tatu.

Karatasi yako ya kwenye pochi naiona hata nikifumba macho. Mara nakuchukia. Mara nakuona ukiwa na miaka saba, umebeba daftari. Mimi nilimfanyia Stumai nini tofauti?

Nakuomba jambo la mwisho. Chana barua zangu zote. Hakuna anayejua kuhusu Stumai isipokuwa mimi na wewe. Amezikwa. Kusema hakutamfufua. Nina Nelly, ana miaka kumi na sita, atatembeaje mji huu?

Evelina


Dar es Salaam,
30 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Nilitaka kuja, Yosefina amenizuia nisije kabla sijakujibu, kwa sababu anajua nikikuona nitakubali kila unachoomba.

Sikuchana. Jumatatu nimepeleka barua zako zote na nakala za zangu nilizojiwekea, pamoja na ile karatasi, kwa Dakta Omega na kwa kamati ya maadili ya taasisi. Dakta Omega alizisoma mbele yangu moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho akavua miwani, akauliza, "Huyu mama aliyefariki ameacha watoto?" Nikasema wanne. Akazikusanya barua, akatoka nazo. Utafiti umesimamishwa na mimi nimesimamishwa, nasubiri kuitwa. Sidhani kama nitarudi, na sidhani kama nastahili kurudi.

Umesema kusema hakutamfufua Stumai. Ni kweli. Lakini jana mjomba amenipigia kwa simu ya jirani. Anasema kule kwenye miti alikuta mashimo, watu wamechimba usiku na mchana, na si wanakijiji wa Idete peke yao. Stumai ana dada yake anayeishi Sanje, alimpa. Dada yake amewapa wengine. Wote wameona Stumai alivyokonda, na wote wameambiwa alikufa kwa malaria.

Sikuamuru kitu, mimi ni mdogo wako na mkosaji kuliko wewe. Nakuambia tu nitakachofanya. Mwisho wa Septemba nitakuja Ifakara kwa Marcelino. Nikimkuta anajua, nitamwomba radhi. Nikimkuta hajui, nitamwambia. Ningependa alisikie kutoka kwako.

Nickolaus


Ifakara,
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Nickolaus,

Ulipokuja ulimkuta Marcelino anajua, na ulitoka kwake bila kuniambia mliongea nini. Sikuuliza. Sasa nakuandikia upande wangu, kwa sababu ulipokuwa hapa tulikaa siku mbili kwenye sebule moja tukazungumza habari za bei ya mpunga.

Nilipotoka hospitalini nilikwenda kwake, tarehe 16 Septemba, mchana. Nilianza kwa Beatus kwanza, asubuhi ile. Beatus alisikiliza, akachukua jembe, akaenda shambani, na hajanisemesha mpaka juzi.

Marcelino alikuwa kwenye cherehani, kitambaa kimekaa chini ya sindano lakini hashoni. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia yote, kikombe, mfuko wa sukari, simu yako. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza:

"Wewe ulijua siku gani?"

"Tarehe kumi na saba, Julai."

"Amekufa tarehe mbili."

"Ndiyo."

"Siku kumi na sita." Alihesabu kwa vidole kwanza. "Katika siku hizo ulikuja hapa mara ngapi?"

"Kila siku, mpaka nilipolazwa. Nilimletea uji."

Akakivuta kile kitambaa kutoka chini ya sindano. Halafu akasema, "Nimempunguzia magauni mara tatu. Kila mara ananiambia, Marcelino, bana tena hapa. Nilikuwa nafurahi kwa sababu anafurahi. Mimi sikuwahi kumwambia apungue, Evelina. Hata siku moja." Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, watoto wanarudi shule." Sikujua niinuke niende wapi. Akasema tena, kwa upole, na upole huo ulinimaliza: "Nenda kwako."

Siku nne hakuonekana. Jumamosi asubuhi nikasikia hodi, yeye huyo, mlangoni, haingii. Akasema, "Kuna mama anauza kile kitu sokoni, kwenye chupa za soda. Anasema ndicho kilichowakondesha wanakwaya. Vaa viatu."

Nilikuwa natoka damu, lakini nilivaa. Alitangulia mbele, mimi nyuma. Tukamkuta yule mama karibu na wauza dagaa, chupa kama ishirini zimepangwa juu ya kiroba, rangi ile ile ya kahawia. Wanawake sita au saba wamesimama. Wengine nawafahamu, wanene kama nilivyokuwa mimi. Marcelino akaniambia, "Sema wewe. Mimi nikisema watadhani ni uchungu wa msiba."

Nikasema. Nilitaja jina langu, nikataja jina la Stumai, nikasema amekufa kwa hii, siyo malaria, na mimi ndiye niliyempa. Sokoni pale palitulia kabisa. Nikadhani wamenielewa. Halafu binti mmoja, hajafika hata miaka thelathini, mwili mkubwa, uso mzuri, akanitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, samahani. Wewe ulikunywa chupa ngapi mpaka ukafika hapo?"

Mdogo wangu, mimi ndiye tangazo lao. Nimesimama pale na kilo tisini na moja, gauni linanining'inia, na kila ninapofungua mdomo kuwakataza wanaona kiuno. Marcelino akapaza sauti, sijawahi kumsikia akipaza sauti: "Mtazameni macho! Acheni kiuno, mtazameni macho!" Akaniambia nivute kope chini. Nikavuta, katikati ya soko, juani, wakapita mmoja mmoja kunitazama macho ya njano. Wawili wakamwaga chupa zao mtaroni. Mmoja akaanza kulia, anasema ameshampa mama yake. Yule binti alinitazama macho, akasema pole mama, kisha akaitia chupa yake chini ya kanga na kuondoka.

Daktari amenipa tarehe nyingine ya kupima ini, Novemba. Hakuahidi kitu. Damu haijakata. Kamati yenu ikitaka barua hii, wape.

Jumamosi iliyopita tulikwenda tena, na yule mama muuzaji alikuwa amehamia upande wa stendi. Tulimfuata huko. Kesho kutwa tunakwenda Sanje, kwa dada yake Stumai, Marcelino ameshatafuta gari. Njiani haongei na mimi, na sidhani kama ataongea. Anatangulia, mimi nafuata, na tukifika anasimama pembeni na kuniambia neno moja: "Waambie."

Ni mimi,
Evelina